Kutoka Darasa la Sosholojia hadi Kisima cha Ng'ambo ya Lumemo

Niliripoti kazini Ifakara asubuhi ya Jumatatu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa bado na vumbi la safari ya kutoka Mikumi na shahada ya sosholojia kwenye mkoba. Bosi wangu wa kwanza, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Wilaya, alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyewahi kufundisha elimu ya watu wazima. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, akavua miwani.

"Binti, hiyo sosholojia ndiyo nini hasa?"

"Ni elimu ya jamii, mzee. Tunasoma namna watu wanavyoishi pamoja, kwa nini wanapatana na kwa nini wanagombana."

"Wanaogombana huku ni wengi, hutakosa kazi. Baiskeli unaweza?"

"Siwezi, lakini nitajifunza."

"Jifunze haraka. Gari la idara lina mgonjwa ndani yake, na mgonjwa mwenyewe ni injini."

Nilijifunzia baiskeli kwenye uwanja wa mpira, watoto wa shule wakinishangilia kila nilipoanguka. Baada ya muda nilikuwa nikivuka matuta ya mashamba ya mpunga nikiwa nimefunga kitenge juu ya sketi, na vijijini nikaanza kuitwa Bibi Maendeleo.

Vijana wengi huniuliza mtu aliyesoma sosholojia anafanya kazi gani. Hata baba yangu aliniuliza hivyo hivyo, maana mwenzangu wa uhandisi angejenga daraja, wa udaktari angetibu, na mimi je, ningekaa niongee na watu? Nilimjibu kwamba ndiyo, ningeongea na watu. Katika idara yetu kazi hiyo iliitwa uraghbishi, yaani kuwawezesha watu walione tatizo lao wenyewe, walizungumze na waamue la kufanya. Afisa wa maji analeta ujuzi wa kuchimba kisima. Mraghbishi anatafuta jibu la maswali mengine: nani atateka, nani atazuiwa, na kikiharibika nani atajali.

Kijiji kilichonifunza kazi kilikuwa ng'ambo ya mto Lumemo. Sitakitaja jina, kwa kuwa watoto wa waliogombana bado wanaishi humo. Wenyeji walikuwa Wandamba na Wapogoro, wakulima wa mpunga na wavuvi. Upande wa pili wa kijiji walikuwa wamehamia Wasukuma na ng'ombe wao. Kijiji kilikuwa na pampu moja ya mkono, na wafugaji hawakuruhusiwa kuigusa. Wake zao waliteka maji mtoni.

Kiangazi cha mwaka wangu wa kwanza, mwanamke mmoja wa Kisukuma aitwaye Kabula aliinama kuchota maji, mamba akamshika mkono. Mama mkwe wake aling'ang'ania kiuno chake, akavuta huku akipiga mayowe, mpaka mamba akaondoka na mkono kuanzia kwenye kiwiko. Walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakamleta hospitali Ifakara.

Nilikwenda kumwona. Nikakaa kando ya kitanda. Yeye ndiye aliyeanza.

"Bibi Maendeleo, mkono umeshakwenda, basi. Lakini nina binti nyumbani. Mimi nikiwa hapa, unafikiri mtoni anakwenda nani?"

Nilitoka wodini nikaenda moja kwa moja kwa bosi. Nikamwambia nataka kijiji kile kikubali wafugaji wapate maji salama. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hilo liache," alisema. "Wewe unaliona la maji, lakini ni la ardhi. Likikuunguza, hata Mkurugenzi wa Wilaya hataweza kukutetea."

"Mzee, naomba unipe nafasi nilitenganishe. Ardhi tuiweke pembeni, maji tuyazungumze."

"Na ukishindwa?"

"Nitarudi tena."

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Haya, nenda. Lakini usiitishe mkutano ukaniletea vita."

Hapo ndipo masomo yaliponifaa. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akiwa mkutanoni husema yale ambayo kundi lake linamtegemea aseme, lakini akiwa kwake, na jembe lake mkononi, husema yake. Kwa hiyo sikuitisha mkutano. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, upande wa wenyeji na upande wa wafugaji. Nilipepeta mpunga na akina mama, nikakaa na wavuvi wakishona nyavu, nikanywa maziwa ya mgando kwenye maboma ya Wasukuma. Hii ndiyo tuliyoiita tathmini shirikishi: mtafiti haji na majibu, anashiriki na kuuliza.

Nilichokuta hakikufanana na makelele ya mkutanoni. Akina mama wenyeji hawakuwa na kinyongo na wenzao kuteka maji. Walichoogopa ni foleni, na pampu yenyewe kufa, kwa sababu ilikuwa imechoka tayari. Wanaume waliogopa jambo jingine kabisa. Anayeteka maji kwenye pampu ya kijiji huhesabiwa mwanakijiji, na mwanakijiji ana haki ya kuomba shamba. Wafugaji nao, waliokwisha kufukuzwa kwingine, waliogopa hata kuomba, wasije wakaonekana wakorofi. Kila upande ulikuwa na hofu yake, na hakuna aliyewahi kuijua ya mwenzake.

Mtu mzito kuliko wote katika jambo lile alikuwa Bibi Stefania, mjane wa Kindamba aliyeongoza kamati ya maji. Msimu uliopita ng'ombe walikuwa wameingia shambani kwake wakala mpunga uliokaribia kuvunwa. Nilipomgusia habari za Kabula, hakuacha kutwanga.

"Mwanangu, mwaka mzima wajukuu zangu wamekula mihogo. Ulikuja kunipa pole?"

"Hapana, bibi. Nilikuwa sijafika. Pole sana."

"Nimepoa. Sasa niache nitwange."

Nilirudi kwake tena na tena. Sikumsukuma. Nilimsaidia kutwanga, tukazungumza ya kwake, jinsi mumewe alivyokufa na jinsi alivyolilima shamba lile peke yake. Siku moja nilipofika hospitali nilimkuta ameketi kando ya kitanda cha Kabula, na bakuli la uji wa mchele mapajani, anamlisha kwa kijiko. Hakuna aliyenieleza kilichosemwa. Bibi Stefania aliniangalia, akasema tu, "Sasa itisha huo mkutano wako."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, baada ya ibada ya Jumapili. Wafugaji walikaa mbali, karibu na miti, fimbo zao zimelala chini kama nilivyowaomba. Bosi wangu alikuja, akaketi nyuma. Mwenyekiti wa kijiji alisimama wa kwanza.

"Ndugu zangu, tusidanganyane. Leo wanataka maji, kesho watataka shamba, na keshokutwa sisi ndio tutaitwa wageni."

Watu walimpigia makofi. Vijana wawili walisimama wakaanza kupiga kelele, na upande wa miti niliona fimbo zikiokotwa. Nilisogea nikasimama katikati, kati ya pande mbili, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Kaeni! Kiongozi wa kamati ya maji hajasema!"

Bibi Stefania aliinuka polepole.

"Mwenyekiti, lililoliwa na ng'ombe wa hawa lilikuwa shamba langu. Lako halikuguswa. Mimi nimekwenda kumwona yule mwanamke. Kama mimi nakubali wapate maji, wewe kinachokushinda ni nini?"

Mwenyekiti alikohoa, akasema kwamba hakuna aliyekataa maji, kinachokataliwa ni ardhi. Nikalidaka neno lile lisianguke. "Basi tuandike hivyo hivyo," nilisema. "Maji ni kwa kila mtu. Kuteka maji hakumpi mtu shamba."

Kiongozi wa wafugaji, Mzee Masanja, naye aliomba nafasi. "Tuna mikokoteni, mchanga na mawe tutaleta. Ng'ombe tutawapitisha njia mtakayotuonyesha. Lakini tunaomba mtuite kwenye vikao. Msitutume tu kama vibarua."

Ilikubaliwa kichimbwe kisima kipya kati ya kijiji na maboma, na wajumbe wa kamati yake watoke pande zote mbili. Njiani kurudi, bosi alinisubiri nishuke kwenye baiskeli, akaniambia, "Sasa nimeelewa hiyo sosholojia."

Haikuwa rahisi. Mvua zilituwahi, shimo likabomoka, na wapo waliosema tuache. Nilipita tena nyumba kwa nyumba. Kiangazi kilichofuata tulichimba upya na kujengea kwa pete za zege, na maji yakapatikana. Kabula hakuweza kuvuta kamba kwa mkono mmoja, na kamati ikaamua, mimi nikiwa sipo, kwamba yeyote atakayemkuta kisimani amvutie. Niliposikia hivyo nilijua kazi imeshika, kwa sababu uamuzi ule haukutoka kwangu. Ugomvi wa ardhi haukuisha, na mpaka leo bonde letu linaendelea nao. Lakini kijijini pale hakuna tena mwanamke aliyelazimika kuchota maji mtoni.

Baadaye Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya alinihamishia Kidatu, kwenye familia za wafanyakazi wa mashamba ya miwa, ambako shida haikuwa maji bali watu waliotoka kila mkoa na hawakujuana. Huko nilianzisha vikundi vya akina mama vya kufuga kuku na kulea watoto kwa zamu. Kisha nikapandishwa cheo, nikapewa wasaidizi, meza kubwa na vikao vingi kuliko nilivyovipenda. Kila kijana mpya aliyeletwa kwangu nilimpeleka kijijini kabla ya kumwonyesha kiti chake.

Kwa hiyo anayetaka kusoma sosholojia asome, tena asome kwa bidii, nadharia zote na takwimu zake. Ila ajue kwamba elimu hiyo itamtaka awe na miguu ya kutembea na moyo wa kurudi alikokataliwa.

Nilipostaafu, ndugu zangu walitegemea nirudi kwetu Singida. Nilibaki. Nina shamba dogo la mpunga Katindiuka, pale Ifakara, na nimejiunga na kikundi cha akina mama wakulima, mwanachama wa kawaida kabisa. Kikao cha kwanza nilianza kueleza namna ya kuendesha kikundi, na mwenyekiti wetu, binti ambaye ningeweza kumzaa, akaniinulia kiganja.

"Samahani, mama. Hapa tunaongea kwa kufuata mstari. Subiri ukufikie."

Wenzangu walishusha macho kwa aibu, wakinihurumia. Mimi nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo, maana kikundi kilikuwa kikijiendesha bila mimi. Nilikunja miguu yangu kwenye mkeka, nikanyamaza, nikawasikiliza.