Zamu ya Mwaka Ujao

Juzi, kwenye televisheni ya saluni moja ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, niliona timu mbili za mpira wa Kiamerika zikibadilishana zamu za kuchagua wachezaji chipukizi. Papo hapo pua yangu ikajaa harufu ya sombe, yale majani ya muhogo ya kupikwa, na ya makoti yaliyolowa.

Siku ile ya utotoni tulikuwa nyumbani, mtaa wa Ganshoren, mvua imetufungia ndani, madirisha yamejaa mvuke. Mjomba wetu, Tonton Désiré, alikuwa akitazama marudio ya mambo hayohayo, nami nilidhani timu zinauza watu.

"Hapana, mutoto wangu," alicheka. "Banauzisha zamu. Hawa banapata muntu leo, balipe na zamu ya mwaka ujao. Mwenye atachaguliwa hajue bado, donc eko anacheza tu."

"Na akikataa?"

"Akatae namna gani?"

Nyuma yetu, mezani, maman alikuwa akimnyonyesha mdogo wetu mchanga. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Woluwe na binti yake, Nadine.

"Bon, Nadine abakie, akusaidie na mutoto," shangazi alisema. "Mwaka ujao utanipatia mumoja wako."

"Sawa," maman alijibu, bila kututazama mimi wala dada yangu Aline.

Nilifurahi sana. Niliona tumempata Nadine bure. Yeye alikaa kwenye kochi, mfuko wake mapajani, na hakuvua koti hadi giza lilipoingia.

Mwaka uliofuata, mvua ikinyesha vilevile, maman alitoa koti moja kabatini. Lilikuwa langu.