Kadi Iliyorudi Kavu

Kigoma nzima, pamoja na Ujiji yake, hapakuwa na mtu wa mazingaombwe wa kunishinda, na hilo nalisema bila kumung'unya maneno. Siku za kazi nilifundisha shule ya msingi; Jumamosi nilitumbuiza. Wenzangu walirudia yaleyale ya kamba na leso. Mimi nilikuwa na kopo.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limejaa vikaratasi. Kila mgeni aliyeingia kwangu Katubuka nilimpa kalamu aandike kitu chochote kilichomjia kichwani. Kila Jumatatu nilifumba macho, nikachomoa viwili, na hivyo viwili, vipatane visipatane, ndivyo nilivyotungia mchezo wa Jumamosi. Kuchomoa tena ilikuwa marufuku. Siku nilipopata "mwavuli" na "dagaa" niliumiza kichwa mpaka mke wangu akatishia kunihamishia jikoni. Lakini Jumamosi, pale mtaani Kasingirima, nilifungua mwavuli mtupu na dagaa wakavu wakawamwagikia watu vichwani. Walinishangilia mpaka nikazibwa masikio.

Miaka hiyo watu walikuwa wakikimbia vita vya Kongo na kuvuka ziwa kwa maboti, na kituo cha mapokezi kilikuwa kimefurika. Nikaombwa nikawachangamshe. Jumatatu ile kopo likanipa "kadi" na "maji". Nilifurahi sana, maana pale kila familia ilikuwa na kadi ya chakula. Ningeazima moja, niichane, niitumbukize kwenye beseni la maji, kisha niitoe nzima na kavu. Niliupitia mchezo wote, sikuona kasoro hata moja.

Jumamosi asubuhi mama mmoja mwenye watoto wanne alinipa kadi yake, tena kwa kusitasita. Nikaibadilisha haraka na karatasi ya rangi ileile, nikaichana karatasi mbele ya macho yake na kuvitupa vipande majini. Watu wakanyoosha shingo. Nikajua nimewashika. Nikapuliza kiganja, nikaichomoa kadi mfukoni mwa shati, nikainama kusubiri makofi.

Hayakuja. Yule mama alikuwa amepiga magoti penye beseni, anaokota vipande.

"Mama, kadi yako ni hii hapa," nikamwambia.

"Hapana. Hiyo ni ya dawa. Itageuka jani mbele ya karani. Yangu mumepasua."

Nilikasirika. Miaka yote nilitaka watu waniamini, na huyu ameniamini kupita kiasi! Kisha nikamwona akivipanga vile vipande vilowevu juu ya kanga, kimoja kando ya kingine, nikaona aibu. Nikafanya jambo ambalo mtu wa mazingaombwe halifanyi: nilikunja mikono ya shati, nikawaonyesha siri yangu polepole, mara tatu. Watu wakaelewa, wakacheka. Yeye hakucheka. Aliichukua kadi kwa ncha za vidole, na vipande akavifunga kwenye pindo la kanga.

Jumanne ilikuwa siku ya mgao. Niliomba ruhusa shuleni nikaenda kusimama naye kwenye foleni, juani, kwa sababu nilijua kadi ni nzima na nilitaka aone mwenyewe. Tulipofika mbele alinikabidhi kadi niitoe mimi. Karani akaipokea, akasoma namba, akaitoboa. Unga ukamiminwa kwenye mfuko wa mama.

Yule mama aliishika kadi, akaigeuza pande zote mbili, akaingiza kidole penye tundu jipya. Ndipo akafungua pindo na kuvimwaga vile vipande chini.

Majivuno yangu yakarudi yote. "Umeona sasa, mama? Si nilikwambia?"

"Muliniambia, ndiyo, Mwalimu," akasema. "Lakini siku tatu hizi nimewapimia batoto uji kwa kijiko."