Moshi wa Leo Ulikuwa Wangu

Sijaambia mtu: moshi wa leo ulitoka kwa vape yangu, ile sigara ya betri.

Ndiyo, navuta. Nilianza juzi, baada ya kumaliza Form Four.

Niliichomeka kwa chaja ya simu ya Mama, ile kali ya kuchaji haraka, nikaiacha kitandani nikaenda kuanika nguo. Sikujua betri ndogo hivyo haitaki chaja kama hiyo.

Nilirudi nikakuta godoro linafuka. Nikalivuta hadi nje, nikikohoa.

Mama alikuwa tayari uani, amekumbatia mfuko wa vyeti vyetu. Huo mfuko hukaa mlangoni tangu nyumba yetu ya Yamumbi ichomwe kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mimi nikiwa mgongoni mwake.

“Wamerudi?” aliniuliza.

Nikaendelea kukanyaga godoro lizime.

Jirani yetu, Mama Chebet, akaja mbio na ndoo ya maji.

Mama akamwangalia. “Leo unaleta maji. Ile siku tulichomewa, wewe na watu wa kabila lako mlikuwa wapi?”

Mama Chebet aliweka ndoo chini, akaenda zake. Miaka yote hii wamekuwa wakinywa chai pamoja.

Neno moja langu kuhusu vape lingetosha kumrudisha. Nilinyamaza.

Mngekuwa mimi, mngemwambia Mama vipi? Niandikieni inbox. Lakini tafadhali, Mama asijue kutoka kwenu.