Koti la Mzee Hungari

Kila asubuhi, kabla hajaenda sokoni, Oliva humvalisha baba yake koti. Humtoa kitandani, humketisha barazani kwenye kiti cha mbao, huingiza kwanza ule mkono uliokufa, kisha huzunguka nyuma akaingiza ule mzima, halafu hufunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Hufanya hivyo hata Novemba, wakati jua la mtaa wetu wa Mshangano linachoma mpaka kuku wanahema kivulini. Majirani humsifu. "Mtoto ndiyo huyo!" husema Notburga wa nyumba ya pili. "Wengine wangeshamtupa." Mzee Pankrasi Luambano husikia sifa hizo zote, jasho likimtiririka mgongoni, wala hajibu. Hawezi.

Kiharusi kilimwangusha akiwa anafunga mlango wa choo. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yake yote. Nimesema yote, lakini yako machache yaliyobaki, na hayo ndiyo kichekesho cha mtaa. Muuguzi alimweleza Oliva kwamba mambo ambayo mtu aliyakariri kwa kuimba huweza kusalia hata mengine yakifutika, na kwamba hayo mengine huenda yakarudi siku moja, huenda yasirudi. Basi mzee akitaka maji hutoka "ing". Akitaka kujisaidia hutoka "nadrág". Na kila asubuhi Oliva anapoinama kufunga kifungo cha juu, uso wake ukiwa karibu kabisa na uso wa baba yake, mzee hukusanya nguvu zote kusema neno moja tu analolitaka kuliko uji na kuliko sakramenti, neno nisamehe. Hutoka "kabát".

"Ndiyo, baba, ni koti," hujibu Oliva. "Tena zuri."

Maneno hayo aliyapata Hungaria. Serikali ilimpeleka huko akiwa kijana mwenye mke, Mungu amrehemu, na mtoto mmoja, huyu Oliva, akasomee ushonaji wa kiwandani, maana tuliambiwa kiwanda kinakuja. Mwalimu wao, mama mmoja mnene mwenye fimbo, alitundika nguo kwenye kamba darasani kama mtu aliyefua, akawa anagusa moja moja, nao wanaimba, kwanza Kiingereza kisha Kihungari: coat, kabát, shirt, ing, trousers, nadrág, socks, zokni, gloves, kesztyű. Pankrasi aliimba kuliko wote. Aliporudi Songea, kiwanda hakikuwapo, na mpaka leo hakipo. Akachukua cherehani, akakaa kwenye baraza la duka la Abasi, akashona suti za maharusi na magauni ya Komunyo ya Kwanza. Huku anapima watu mabega, anawaimbia ule wimbo wake na kuwasimulia baridi ya Ulaya, na makoti ya sufu mazito ambayo mtu akivaa anasahau kwamba nje kuna theluji. Watoto wakamwita Mzee Hungari. Alijifanya kukasirika, lakini alilipenda jina hilo kama mtu apendavyo cheo.

Halafu ikaja ruhusa ya kuingiza bidhaa za nje, na pamoja nayo mitumba. Mwanzoni watu waliiita kafa ulaya, wakacheka na kuapa kwamba hawatavaa nguo za maiti. Baada ya mavuno mawili walikuwa wamezivaa hadi kanisani. Wateja wa Pankrasi walikuja sasa wamebeba suruali ya mtumba: "Mzee, nipunguzie kiuno tu." Yeye aliyekata suti! Aliwafukuza. Mafundi wengine waliwapokea, wakala ugali, naye akabaki na chuki yake barazani pa Abasi. Na chuki, ndugu yangu, hailipi kodi.

Sasa sikia jinsi Mungu anavyopanga mambo. Oliva alimpenda nani? Alimpenda Tadei wa Maposeni, muuza mitumba. Kijana mpole, asiye na maneno mengi, anayemwamkia kila mzee njiani. Pankrasi alinuna miezi, mwishowe akakubali. Huku kwetu mambo mengine ya mahari yanaweza kungoja, lakini koti analoletewa baba wa binti halingoji. Alimwambia mshenga, mzee Yohanes, jambo moja tu: koti liwe jipya.

Siku ilipofika, nyumba ilijaa. Pombe ya komoni ilikuwapo, kuku walichinjwa, na Oliva alikuwa chumbani na shangazi zake nyuma ya pazia. Mzee Yohanes akafungua kitenge, akatoa koti, akamwekea Pankrasi magotini kwa mikono miwili. Lilikuwa jeusi, zito, limepigwa pasi likanyooka, na vifungo vyake vilimetameta.

Pankrasi akaweka kiganja juu yake. Kiganja kikatambua mambo mawili kwa mara moja. Kwanza, kwamba hili ni mtumba, maana harufu ya belo la mitumba haiishi hata ukilifua mara ngapi. Pili, kwamba hajagusa sufu ya namna hii tangu atoke Hungaria. Mkono ulitaka kubaki pale. Aliuona ukitaka, akaona haya mbele ya mkono wake mwenyewe, akauondoa.

Hapo angenyamaza tu. Angeita mshenga pembeni, wakatozana faini ya mbuzi, wakaendelea kunywa. Lakini ulimi hauna mfupa. Alisimama, akalishika koti juu kwa kola kama mwalimu wake wa zamani, akaanza somo. "Kabát!" alisema. Watu wakacheka. Akageuza kola: "Mnaona? Imeshonwa upya, upande uliochakaa umefichwa ndani." Wakacheka tena. Akavuta kifungo: "Hivi vimenunuliwa kwa Abasi juzi. Nakaa navyo baraza moja!" Kicheko kikampanda kichwani kuliko komoni. "Hili ni koti la maiti, jamani. Nimeletewa koti la maiti nimtoe binti yangu. Na huyo mwoaji, je, ni gredi ya ngapi? Naye katoka kwenye belo gani?"

Mzee Yohanes hakucheka. "Mzee mwenzangu," alisema taratibu, "kijana ametoa lililo bora kuliko yote aliyonayo. Madukani mjini hakuna koti kama hilo, nawe unajua. Kama tumekosa, tutozeni faini."

"Siuzi binti kwa kafa ulaya."

Ndipo pazia lilipofunguka. Bibi harusi hatakiwi kutoka kabla hajaitwa, lakini Oliva alitoka, akapiga magoti mbele ya baba yake na mbele ya wageni wote.

"Baba, nisamehe. Tadei hana kosa. Mimi ndiye niliyelichagua. Nilifungua mabelo pamoja naye, nikatafuta lile unalosimuliaga siku zote, la baridi ya kule. Nilipoliona nikasema, ndilo hili. Nisamehe, baba, lipokee."

Pankrasi alimtazama mwanawe. Mimi nasema mpaka leo kwamba nusura aliokoe lile jambo. Lakini watu walikuwa wanamngoja, midomo wazi, tayari kucheka.

"Nisamehe?" akasema. "Hilo nalo ni vazi gani? Nitalivaa mabegani?"

Wakacheka. Si wote, lakini walitosha.

Mzee Yohanes aliinuka na watu wake. Koti waliliacha pale mkekani. "Kilichotoka mikononi mwetu hakirudi," alisema, wakaondoka. Tadei alikuwa nje chini ya ukuta, amesikia kila neno, na ukoo wake nao ulisikia kabla jua halijazama. Mavuno yaliyofuata alimwoa Suzana wa Hanga. Oliva alilikunja koti lile vizuri, akalitia sandukuni mwake na vidonge vya kufukuza nondo, akafunga.

Wachumba wengine hawakuja. Nani aende kwenye nyumba ambako mtu hupangiwa gredi? Oliva akaendelea kupika. Asubuhi alisema, "Shikamoo, baba," jioni alitenga ugali na mboga ya likolo, na katikati hakuna neno. Pankrasi alijua amekosa. Alijua kabla hata mkeka haujakunjwa. Jioni nyingi alifungua mdomo mezani, akamtazama binti yake, akasema habari za mvua. Ulimi alikuwa nao wakati huo, mzima, mwepesi, wa kuchekesha baraza zima. Alidhani siku ziko nyingi, na kwamba binti kunyamaza ni dalili ya kusahau. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kazi ya kushona ilipokwisha kabisa, Oliva ndiye aliyelisha nyumba. Alianza kuuza mitumba. Mzigo huuchukua kwa Tadei, ambaye sasa ana ghala, na Tadei humwita dada. Suzana humkaribisha chai. Jioni hurudi nyumbani, huosha miguu, huwasha moto. Siku alipomrudisha baba yake kutoka hospitali, kabla hata hajambandikia uji, alifungua lile sanduku, akalitoa koti.

Juni hii baridi imeshuka kutoka milima ya Matogoro na ukungu wake, na kwa mara ya kwanza koti limekuwa na kazi. Asubuhi ya leo mzee aliamka akisikia kitu kinatembea kinywani. Hakukiharakisha. Alinyamaza alipovalishwa mkono uliokufa, akanyamaza alipovalishwa ule mzima. Kifungo cha kwanza, cha pili. Oliva alipoinamia kile cha juu, mzee alivuta pumzi.

"Ni... sa..." Mate yakamtoka. Akameza. "Nisamehe."

Lilitoka zima. Hata Notburga, aliyekuwa anafagia uwanja wake, aliinua kichwa. "Oliva! Mzee kasema nini?"

Vidole vya Oliva vilikuwa vimesimama kwenye kifungo. Pankrasi aliyaona macho yake kwa karibu, akaona kwamba amesikia, amesikia sawasawa, na machozi yakaanza kumshuka mzee kwa furaha. Oliva akayafuta kwa ncha ya kanga, polepole, kama anavyofuta kila kitu. Akainyoosha kola.

"Jipya hilo," akasema. "Hilo nalo ni vazi gani, baba?"

Akafunga kifungo, akajitwika furushi lake, akaenda sokoni.