Kichwa cha Bwana Mifugo

Bwana mifugo wetu alikuwa mwanamke, na alikuwa amepata uhamisho. Mradi wa mifugo uliotuajiri ukaona si busara kichwa kile kiondoke Mpanda bure. Ikaletwa kompyuta, nami, kijana mwenye cheti na majivuno, nikapewa kazi ya kukihamishia humo. Mashine ingefikiri kama yeye: mfugaji aulizwe, ajibu ndiyo au hapana, ugonjwa utajwe.

Tabu ni kwamba mama yule hakuwa na ndiyo wala hapana.

"Ng'ombe ana homa, matezi yamevimba. Ni ndigana?" nilimuuliza.

"Inategemea, mdogo wangu. Kachungwa wapi? Mwenyewe kahamia lini?"

Mwanzoni niliingiza maswali yake yote. Wafugaji walisinzia kwenye benchi, na mara mbili jenereta ilizimika kabla ya jibu. Mkuu wangu alitaka kasi. Nikaanza kufyeka, na la malisho lilikwenda kwanza, maana Msukuma ukimuuliza alikochunga anaianza safari tangu Shinyanga. Jibu likawa linakuja upesi, nikajiona bingwa. Mama alipokuja kuaga aliitazama mashine ikijibu, akasema tu, "Huyu ana haraka."

Mvua za kulimia zilipoanza, akaja mzee wa Nsemulwa. Alikuwa na maksai wawili wa plau, na mmoja alikuwa hali majani.

"Sasa sisi tulipotoka kule msituni..." alianza.

"Baba, ndiyo au hapana," nikamkata.

Akajibu kwa adabu, ndiyo, hapana, ndiyo. Mashine ikasema ndigana, ugonjwa wa kupe. Maksai akachomwa sindano ya ndigana, siku ya nne akafa. Damu yake ilipopimwa ilikutwa na nagana, ugonjwa wa mbung'o, na mbung'o wako huko msituni alikotaka kunieleza habari zake. Niliona aibu, kisha nikamkasirikia yeye: kwa nini hakung'ang'ania kusema?

Wiki ile nilipita Nsemulwa kwa baiskeli. Mzee na mkewe walikuwa wanalima kwa jembe la mkono, maksai aliyebaki anakula majani pembeni, maana plau haivutwi na mmoja. Nilijiandaa kutukanwa. Mzee akanyoosha mgongo, akanishukuru kwa kuhangaika naye.

"Na ile mashine yenu, haijambo?"

"Haijambo, baba."

"Basi vizuri," akasema, akainamia jembe.