Niliita Afisa Ampime Jirani, X Ikapigwa Kwenye Stoo Yangu

Afisa wa ujenzi nilimwita mimi, kwa barua isiyo na jina. Akaja, akapima, akatoa kopo la rangi nyekundu, akapiga X kubwa kwenye stoo.

Stoo yangu. Siyo ya Mama Kuku niliyemshtaki.

Tuliza boli nikueleze.

Mimi nakodisha viti na maturubai. Vyote vimejaa kwenye stoo ya mabati huku uani, na ndivyo vinavyolisha wanangu. Kati ya stoo na uzio nimefunga kamba ya nguo. Ng'ambo ya uzio anakaa Mama Kuku, mfugaji, mtu wa maneno machache.

Mwezi ule alijenga banda la kuwekea chakula cha kuku. Bati la bluu, mlango wa chuma, hadi dirisha. Nisiwe mnafiki, roho iliniuma. Kila nikianika nguo naliona linametameta. Nikajiaminisha kwamba limebana uzio na halina kibali, nikaandika barua.

Afisa akapima la kwake, akakagua karatasi zake. "Hili halina shida."

Akavuka kwangu. "Na hii?"

"Hiyo stoo tu, kaka. Ina miaka mitatu."

"Hata stoo tu inahitaji kibali, dada."

Akaomba jembe. Akafukua kati ya stoo na kamba yangu ya nguo mpaka likagonga jiwe la mpaka. Lilikuwa hatua nzima kabla ya kufika kwenye uzio.

"Mpaka ni hapa. Huo uzio mliuchomeka tu. Stoo ikae mita moja na nusu kutoka mpakani, yako ina nusu mita. Una siku saba. Ubomoe, au jirani asaini kwamba hana pingamizi, uombe kibali."

Jirani yupi? Si ndiye huyo huyo.

Siku hiyo sikukaa kitako. Nilitoa viti nje, nikavirudisha, nikavitoa tena. Chai ikapoa mezani. Nikampigia mume wangu kazini.

"Si uende tu ukamwombe," akasema, kana kwamba naomba chumvi.

Siku ya tatu nilifika hadi getini kwake nikageuka. Ya tano vilevile. Ya sita nilikuwa nimeshaanza kuota mabati yanang'olewa, nikabisha hodi.

"Karibu, jirani. Nimekungoja wiki nzima."

Nikazungukazunguka na maneno, mara kuku, mara jua kali. Akaniacha nichoke. Kisha akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa, imechakaa kingo.

Chini ilikuwa na saini yake. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.

"Mlipoanza kujenga, mumeo alikuja kuniomba. Nikasaini kwamba sina pingamizi. Akasema atapita kuichukua. Namsubiri mpaka leo."

Nikaisoma mara mbili. "Kwa hiyo mpaka ulikuwa unaujua?"

"Tangu nahamia. Kamba yako ya nguo iko kwenye ardhi yangu. Nikasema, mwenzangu ana watoto, aanike wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze, nayo hata haikuwa yangu.

Nikaikunja karatasi, nikaaga. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Jirani. Ukiniandikia tena, weka jina. Afisa alinionyesha barua. Mwandiko wako naujua, unaniandikia orodha ya viti kila nikiwa na shughuli."

Nikalia pale pale, mtu mzima. Akanipa kigoda, akaendelea kuchambua mahindi ya kuku wake.

Kibali nimekipata. Ile X mume wangu alitaka kuipaka rangi, nikamkatalia. Naiona kila nikianika nguo, na macho yangu hayavuki uzio tena.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, hilo mnalijua. Mimi naongeza langu: kabla hujamwitia jirani yako mtu wa kipimo, fukua kwanza ujue umesimama kwa nani.