Ureno ya Irmtraud

Irmtraud Fehrenbacher alikuwa mtu ambaye ukimwachia ufunguo wa nyumba yako unasafiri na moyo mweupe. Katika kwaya yetu ya parokia yeye ndiye aliyebaki nyuma kukunja viti, sisi wengine tukiwahi bia. Ndiyo maana mambo ya Ureno yalitushangaza sote.

Yeye na mumewe Egon, fundi wa kiwanda cha mbao, hawakuwahi kupanda ndege. Kila kiangazi walikwenda ziwani, pale pale, nyumba ile ile. Egon alipostaafu, Irmtraud akasema imetosha, sasa ni Ureno. Alilisema hilo mazoezini, dukani kwa mwoka mikate, hata kwa padri. Jioni ya mazoezi ya mwisho tukawaimbia wimbo wa kuwaaga, na Lioba Schätzle, ambaye hapitwi na jambo, akaleta keki yenye bendera ya Ureno juu yake.

Tukiwa tunakula, Idalina Varela alimvuta Irmtraud pembeni. Idalina ni Mreno. Alikuja huku akiwa bibi harusi, akazeeka akiunda vipuri vya saa kiwandani. Figo za mumewe zimekufa, na kila baada ya siku moja anapelekwa hospitali kusafishwa damu, kwa hiyo Idalina hatoki. Mama yake alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyopita, akazikwa yeye hayupo.

"Mwenzangu, nina ombi," alisema. "Kijijini kwetu Santa Eufémia si mbali na hoteli yenu. Kuna kikanisa cha vigae vya buluu. Mama kalala ubavuni pake. Nipigie picha tu. Moja inanitosha."

"Moja?" Irmtraud akamshika mikono. "Nitakuletea mpaka uchoke kutazama!"

Basi wakaenda uwanja wa ndege. Mizigo ikaingia, nao wakapanga foleni. Mlangoni kabisa pa ndege, Egon akashika ukingo wa mlango na kusimama.

"Traudel," alimwita mkewe kwa jina la nyumbani, "siwezi."

"Egon, kuna watu nyuma yetu."

"Nawaona. Siwezi."

Haukuwa ukaidi. Jasho lilimtiririka hadi shingoni na miguu ilikuwa imekufa ganzi. Mhudumu alijaribu kumbembeleza, akampa maji, mwishowe akamrudisha taratibu kama mgonjwa. Masanduku yao yakatafutwa tumboni mwa ndege na kushushwa, abiria wakichungulia madirishani kuona ni nani anayewachelewesha. Kwenye treni Egon alilia, yeye aliyebeba magogo maisha yake yote.

Nyumbani hawakurudi. Irmtraud hakuweza hata kufikiria kupita mbele ya duka la mikate na masanduku yale, keki ya Lioba ikiwa bado tumboni. Wakashuka kwenye bonde la Rhine wakapanga chumba katika nyumba ya wageni, karibu na bustani kubwa ya michezo yenye mitaa iliyojengwa kuiga nchi mbalimbali. Nia ilikuwa kujificha tu. Lakini asubuhi moja, wakinywa chai, Irmtraud aliliona tangazo la bustani ukutani, akalitazama kwa muda mrefu.

"Leo tuingie pale."

"Kufanya nini? Sisi watoto?"

"Kupiga picha. Wana Ureno."

Egon alimwelewa mara moja. Hakubisha, kwani aliona yeye ndiye aliyelileta balaa. Akachukua kofia yake.

Waliikatiza Uswisi ya bustani, wakaipita Ugiriki na nyumba zake nyeupe, wakafika Ureno kabla umati haujajaa. Palikuwa na mtaa mdogo wa mawe, mashua ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na maji, mgahawa wa dagaa wa kuchoma, na mwisho wa mtaa kikanisa cha vigae vya buluu chenye mnara. Juu ya kikanisa ilipita reli ya gari la mchezo, lile la kupanda na kuporomoka kwa kasi. Kila baada ya muda kidogo linapita kwa kishindo, na watu ndani yake wanapiga mayowe kama wanachinjwa.

Irmtraud alifanya kazi siku ile. Alipiga magoti, akalala ubavu, akapanda juu ya benchi, ili reli isiingie kwenye picha. Pipa la taka lenye uso wa panya anayecheka, yule panya aliye nembo ya bustani, lilikuwa karibu na mlango wa kanisa na halisogei.

"Simama mbele yake," alimwamuru mumewe. "Fungua koti. Zaidi!"

"Nifungue mpaka wapi, Traudel? Watanikamata."

Walicheka. Hilo ndilo lililomuuma Irmtraud baadaye kuliko yote, kwamba walicheka sana na siku ikawa nzuri. Binti mmoja aliyevalishwa vazi la muuza samaki alikuja, akawauliza kwa lafudhi yetu kabisa ya huku kama wangependa kupigwa picha wote wawili. Wakakumbatiana mbele ya mashua. Irmtraud alimaliza kwa kukipiga picha kikanisa peke yake, mara nyingi, akijiambia kwamba vikanisa vya vigae vya buluu vyote ni ndugu.

Waliporudi tukawasifu kwa ngozi iliyopigwa na jua, ingawa jua lilikuwa la bonde la Rhine. Jumapili iliyofuata baada ya misa, ukumbi wa parokia ukajaa kahawa na keki, na picha zikaoneshwa ukutani. Mimi nilikaa safu ya pili. Idalina tulimkalisha mbele kabisa, kama mwenye nchi.

Picha ya kikanisa ilipotokea, Irmtraud alisema kwa sauti isiyokuwa yake, "Na hili ndilo kanisa la Idalina." Akamkabidhi nakala aliyoitia kwenye fremu.

"Ndilo lenyewe?" Lioba aliuliza. "Idalina, ndilo?"

Idalina aliitazama ukutani, kisha mkononi. Ukumbi wote ukamgeukia.

"Ndilo," alisema. "Wamelipaka rangi upya."

Tukapiga makofi. Mimi nilimwona Irmtraud masikio yakimwiva mekundu, nikadhani ni furaha. Egon alikuwa ameshatoka nje.

Juma lile Irmtraud hakula vizuri. Kila akifumba macho anamwona Idalina akiishika ile fremu kwa mikono miwili. Hatimaye akaenda kwake. Alimkuta jikoni akimenya viazi, mumewe amelala chumbani baada ya hospitali.

"Idalina, nimekuja kukwambia..."

"Najua. Kaa."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ilipotokea ukutani. Kikanisa chetu hakina mnara. Tena kile nakijua. Mwanangu alipokuwa mdogo nilikuwa nampeleka pale, yeye anapanda magari, mimi nakaa mbele ya kanisa nakula mkate wangu, najifanya niko kwetu. Mpaka lile gari la juu lipite na makelele yake."

Irmtraud akafunika uso. "Mbona hukusema?"

"Niseme watu wamevaa vizuri, kahawa iko mezani? Nikuvue nguo?" Idalina aliendelea kumenya. "Lakini usinishukuru. Sikukusitiri wewe. Mimi ndiye niliyeona haya."

"Wewe? Haya ya nini?"

"Kwamba ulidhani mtu anaweza kulisahau kanisa alipolala mama yake. Nikajiuliza, kumbe miaka yote hii ndivyo wanavyoniona."

Irmtraud alisema Egon aliogopa ndege, akasikia mwenyewe jinsi neno lile lilivyokuwa dogo.

"Sasa kuogopa ndege ni dhambi?" Idalina alisema. "Ungekuja hapa ukasema, hatukwenda. Ningekupikia supu ya kabichi, tukamcheka Egon pamoja, yakaisha." Akaifuta mikono, akaileta fremu, akaichomoa picha na kumrudishia. "Fremu ni nzuri, nitabaki nayo. Kikanisa hiki chukua."

Mazoezini, kabla hatujafungua vitabu, Irmtraud alisimama akatueleza yote: mlango wa ndege, pipa la panya, koti la Egon. Lioba akacheka, "Kumbe keki yangu iliishia kwenye bustani ya watoto!" Hakuna aliyemfuata. Kiongozi wa kwaya akagonga kinanda tuanze, na siku ile tuliimba vibaya.

Irmtraud alirudi kwa Idalina akajitolea kumwangalia mgonjwa ili mwenzake asafiri. Idalina alikataa. "Mume wangu si mahali pa kufanyia toba."

Aliyefaulu ni Egon. Alikwenda peke yake, kofia mkononi, akasimama mlangoni bila kuingia. "Bibi Varela, ndege siwezi. Gari naweza. Nitampeleka mumeo hospitali na kumrudisha, na nitakaa naye. Yeye anapenda karata, mimi pia."

Idalina akamfungulia mlango vizuri.

Idalina alikwenda kwao Ureno majira ya kuchipua. Egon aliendesha, mgonjwa akamshinda karata kila mara, na Irmtraud akapika vitu visivyo na chumvi kama daktari alivyotaka. Idalina aliporudi, Irmtraud alijikaza akamuuliza kama alipiga picha.

"Nilikuwa nalia," Idalina alisema. "Ningepiga kwa mkono gani?"

Marafiki wa kufa na kuzikana hawakuwa. Idalina humsalimu, husogea ampe nafasi kwenye benchi, na siku ya theluji nzito humpigia Egon simu aje na gari. Irmtraud bado hukunja viti. Lakini mtu akimuuliza likizo walikwenda wapi, hata kama kweli walikwenda ziwani tu, kwanza huwa mwekundu hadi shingoni, ndipo anajibu.